Eugene Fama na mzigo wa ushahidi

Eugene Fama anajulikana zaidi kwa dai ambalo hakulitoa. Katika mazungumzo ya watu wa fedha, profesa huyu wa Chuo Kikuu cha Chicago hutajwa kama mtu aliyefundisha kwamba soko la hisa halikosei kamwe, na kila soko linapoporomoka jina lake hufufuliwa ili lizikwe upya. Ukiifuata kazi yake hatua kwa hatua, tangu alipokuwa mwanafunzi hadi alipopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013, unakuta jambo jingine, gumu zaidi na lenye manufaa zaidi. Unakuta kanuni ya ushahidi. Anayesema bei ya hisa ina makosa, kwanza aseme bei sahihi ingekuwa ipi na ameipimaje, kisha kipimo chake kijaribiwe kwa takwimu ambazo hakuzitumia kukitengeneza. Kanuni hiyo ilimbana Fama mwenyewe kuliko ilivyowabana wapinzani wake, na ndiyo maana ina nguvu hadi leo ingawa baadhi ya zana zake za mwanzo zimeshatupwa.

Wazo kwamba mwendo wa bei haubashiriki lilikuwapo muda mrefu kabla yake. Mwaka 1900, Louis Bachelier alitetea mjini Paris tasnifu ya hisabati iliyozichukulia bei za soko la mitaji kuwa zinakwenda kwa kubahatisha. Wachumi hawakuisoma kwa miongo kadhaa. Mwaka 1933, Mmarekani Alfred Cowles alichapisha uchunguzi wa ushauri wa mashirika 16 yaliyopendekeza hisa za kununua, pamoja na uwekezaji wa kampuni 20 za bima ya moto, na hakuona dalili kwamba wataalamu hao walijua zaidi ya mtu anayechagua hisa kwa bahati nasibu. Mwaka 1953, mwanatakwimu Maurice Kendall aliwashangaza wenzake mjini London alipoonyesha kwamba mabadiliko ya bei ya wiki hii hayasemi karibu chochote kuhusu mabadiliko ya wiki ijayo. Wote hawa walikuwa na matokeo yasiyo na maelezo. Kwa mchumi wa wakati ule, bei zinazorukaruka bila mpangilio zilionekana kama alama ya soko lililopotea njia. Ilikuja kueleweka baadaye, hasa baada ya uthibitisho wa kihisabati wa Paul Samuelson mwaka 1965, kwamba mambo yako kinyume: ikiwa kila kinachojulikana kimeshaingia katika bei, kinachobaki kuisukuma ni habari mpya, na habari mpya kwa asili yake haitabiriki.

Fama aliingia katika mjadala huu kwa mlango wa nyuma. Alizaliwa Boston tarehe 14 Februari 1939, mjukuu wa wahamiaji kutoka Sicily, na katika ukoo wake alikuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Alipojiunga na Chuo cha Tufts alisomea lugha za Ulaya zenye asili ya Kilatini, hadi alipochukua somo moja la uchumi na kunogewa. Huko alipata kibarua kwa profesa Harry Ernst, aliyekuwa na jarida la kubashiri mwendo wa soko la hisa. Kazi ya kijana ilikuwa kubuni kanuni za kununua na kuuza kwa kuchambua bei za zamani. Alizibuni nyingi, na kila moja ilitoa faida nzuri juu ya bei zile alizozichambua. Lakini Ernst alikuwa na desturi moja: alitenga sehemu ya takwimu asiiguse mtu, kisha kila kanuni mpya ikajaribiwa kwenye sehemu hiyo. Hapo kanuni za Fama zilishindwa, moja baada ya nyingine. Katika somo hilo hapakuwa na itikadi yoyote kuhusu soko huria. Lilikuwa somo la utafiti: ukipekua takwimu zilezile kwa muda wa kutosha utakuta mpangilio, na mpangilio huo huenda umeutia wewe mwenyewe.

Kufika kwake Chicago kulitegemea simu moja. Ilipofika Aprili 1960 na barua ya kukubaliwa haijaja, alipiga simu kuuliza. Aliyepokea, Jeff Metcalf, msimamizi wa wanafunzi katika shule ya biashara, alimwambia kwamba hawana kumbukumbu yoyote ya maombi yake. Hata hivyo wakaendelea kuongea, Metcalf akauliza alama zake, kisha akamwambia kwamba chuo kina ufadhili uliotengwa kwa mhitimu wa Tufts anayestahili, je, anautaka? Aliutaka. Ulipofika wakati wa kuandika tasnifu, alimpelekea Merton Miller mada tano. Miller alizizima nne kwa upole na kuipenda ya tano, iliyotumia takwimu alizokuja nazo kutoka kwa Ernst: bei za kila siku za hisa 30 za fahirisi ya Dow Jones. Tasnifu hiyo, iliyochapishwa Januari 1965, ilikuwa na matokeo mawili. La kwanza ndilo lililompa umaarufu: bei ya jana ilisaidia kidogo mno kubashiri ya kesho, kiasi kwamba ada ya dalali ingeimeza faida yote. La pili husahauliwa. Akifuata kazi ya Benoit Mandelbrot, Fama alionyesha kwamba siku za mabadiliko makubwa, ya kupanda au kushuka, ni nyingi kupita zinavyotarajiwa na mgawanyo wa kawaida wa takwimu. Tarehe 19 Oktoba 1987, fahirisi ya Dow Jones ilipopoteza asilimia 22.6 kwa siku moja, wengi walisema nadharia yake imekufa. Lakini mtu huyohuyo alikuwa ameandika miaka 22 nyuma kwamba mishtuko mikubwa ni sehemu ya tabia ya soko.

Kilichofuata kilitokana zaidi na kumbukumbu za bei kuliko fikra. Mwaka 1960, James Lorie na Lawrence Fisher walianzisha Chicago, kwa fedha za kampuni ya udalali ya Merrill Lynch, kituo cha kukusanya bei za mwisho wa mwezi za hisa zote za kawaida katika Soko la Hisa la New York tangu Januari 1926. Kampuni zilizofilisika na kufutwa nazo ziliingizwa, kwa sababu anayehesabu faida za kampuni zilizobaki hai peke yake hujidanganya. Kazi ilichukua miaka, na Lorie akahofia kwamba bila mtu wa kuonyesha faida ya takwimu hizo kwa wasomi, mradi ungekufa. Akamshauri Fama achunguze kampuni zinazogawanya hisa zao, kila hisa moja ikawa mbili au zaidi. Fama, Fisher, Michael Jensen na Richard Roll walichukua migawanyo 940 iliyofanyika kati ya 1927 na 1959, wakaipanga yote kana kwamba imetokea mwezi mmoja, na kupima mwenendo wa bei kabla na baada. Bei zilipanda kupita soko zima kabla ya mgawanyo, na baada yake, kwa wastani, hazikwenda popote. Maelezo yao yalikuwa kwamba wawekezaji huusoma mgawanyo kama ishara ya gawio kubwa zaidi. Kampuni iliyotimiza matarajio hayo ilishikilia bei yake. Iliyoyavunja ilirudi chini. Makala hayo ya 1969 yalizaa mbinu ambayo wanasheria na wasimamizi wa masoko wameitumia tangu hapo kupima athari ya habari moja, kuanzia kuungana kwa kampuni hadi udanganyifu wa hesabu.

Mwaka uliofuata Fama alichapisha katika Journal of Finance makala yaliyoukusanya utafiti wote uliokuwapo. Wengi huyakumbuka kwa ngazi tatu za ufanisi wa soko: bei zinazobeba habari za bei zilizopita, zinazobeba habari zote zilizo wazi kwa umma, na zinazobeba hata siri za walio ndani ya kampuni. Msingi wake wenyewe umo katika hoja ambayo Fama aliiita tatizo la nadharia tete mbili zinazopimwa pamoja. Tuseme hisa za kampuni fulani zimewapa wenyewe asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka mingi, wakati soko zima limetoa asilimia 10. Je, soko liliziuza kwa bei ya chini mno? Huwezi kujibu kabla hujasema hisa hizo zilistahili kutoa faida gani kwa hatari iliyomo. Ukiwa na modeli ya hatari inayosema asilimia 15 ni halali, soko halijakosea. Ukiwa na nyingine inayosema asilimia 10, soko limekosea, au modeli yako ndiyo iliyokosea. Takwimu peke yake haiwezi kukuamulia. Kila anayepima soko anapima pia kipimo chake.

Pingamizi la kwanza linajitokeza papo hapo, nalo ni zito: nadharia isiyoweza kupimwa peke yake haiwezi kukanushwa, na isiyokanushika haina nafasi katika sayansi. Kila ushahidi dhidi ya soko ukitokea, mtetezi atailaumu modeli. Jibu bora limo katika alichofanya Fama baadaye. Kipimo cha kizazi chake kilikuwa modeli ya William Sharpe na John Lintner ya miaka ya 1960, iliyosema kwamba faida ya hisa hutegemea kitu kimoja tu, yaani kiasi ambacho hisa hiyo huyumba pamoja na soko. Mwaka 1973, Fama na James MacBeth walibuni njia ya kuipima, na mwanzoni ilionekana kusimama. Mwaka 1981, Rolf Banz, naye akiwa zao la Chicago, alionyesha kwamba kampuni ndogo zilikuwa zikitoa faida ambayo modeli haikuweza kuieleza. Hatimaye, mwaka 1992, Fama na Kenneth French walipekua takwimu za 1963 hadi 1990 na kutangaza kwamba kuyumba pamoja na soko hakuelezi chochote cha maana kuhusu tofauti za faida kati ya hisa. Kilichoeleza ni ukubwa wa kampuni, na uwiano wa thamani ya mali yake vitabuni kwa bei yake sokoni. Kipimo kilichofundishwa katika kila shule ya biashara kikawa kimevunjwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukilinda.

Haimaanishi kwamba pingamizi limekwisha. Mwaka 1993, Fama na French walitoa modeli mpya yenye vigezo vitatu, na wakosoaji wana haki ya kusema kwamba kuliita jambo kigezo cha hatari hakutoshi kulifanya liwe hatari. Kwa nini kampuni yenye bei ndogo kuliko mali yake iwe ya hatari zaidi? Je, si rahisi zaidi kusema kwamba wawekezaji wameichukia kupita kiasi? Swali hilo halijapata jibu moja lililokubaliwa na wote. Lakini tazama wawili hao walivyolishughulikia. Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walipoonyesha mwaka 1993 kwamba hisa zilizofanya vizuri miezi ya karibuni huendelea kufanya vizuri kwa miezi kadhaa, Fama na French walijaribu modeli yao juu ya jambo hilo, na mwaka 1996 wakaandika waziwazi kwamba imeshindwa kulieleza. Nadharia isiyokanushika haiandikiwi orodha ya kushindwa kwake na waasisi wake.

Pingamizi la pili ni la historia: ilikuwaje bei za kampuni za intaneti zikapaa hadi mwaka 2000 kisha zikaanguka, na ikawaje kwa nyumba za Marekani kabla ya 2008? Robert Shiller wa Yale alikuwa ameonyesha tangu 1981 kwamba bei za hisa huyumba kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na magawio yaliyolipwa baadaye. Yeye na Fama walipewa tuzo mwaka mmoja, pamoja na Lars Peter Hansen, na magazeti yakacheka kwamba kamati imewatuza wanaokanushana. Mkanganyiko huo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Fama na French wenyewe, mwaka 1988, walionyesha kwamba magawio yakiwa madogo kwa kulinganisha na bei, faida ya miaka inayofuata huelekea kuwa ndogo. Wanakubaliana juu ya takwimu. Wanatofautiana juu ya sababu. Shiller anaona hisia za watu, Fama anaona utayari wa kubeba hatari unaobadilika kwa nyakati. Fama amekwenda mbali hadi kusema hajui maana ya neno linalotumika kwa bei zilizovimba. Hapo amezidisha, kwa sababu Shiller alionya juu ya hisa na juu ya nyumba kwa kipimo kilichoandikwa na kuchapishwa, si kwa maneno ya baada ya tukio.

Hata hivyo, kujua kwamba bei iko juu ni tofauti na kujua la kufanya. Mnamo Desemba 1996, Alan Greenspan, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alitoa hotuba maarufu akiuliza kama soko limepagawa. Siku hizo fahirisi ya S&P 500 ilikuwa karibu 745. Soko liliendelea kupanda zaidi ya miaka mitatu. Lilipoanguka na kufika shimoni Oktoba 2002, fahirisi ilifunga karibu 777, bado juu ya kiwango cha siku ya onyo. Ilibidi kusubiri msukosuko wa 2008 na 2009 ili ishuke chini ya hapo, tena kwa muda mfupi. Aliyeuza hisa zake kwa kuitii hotuba ile alikuwa na hoja nzuri na mfuko uliopungukiwa. Hiki ndicho Fama alichokisisitiza: ukiambiwa bei ni ya makosa, uliza ushauri huo ungekufaidisha vipi na lini.

Pingamizi la tatu ni la kisiasa. Husemwa kwamba nadharia hii iliwapa silaha waliotaka serikali ikae kando, na kwamba bei zikiwa zimebeba habari zote, msimamizi wa soko hana kazi. Wapo waliosema hivyo, lakini si kwa kuyasoma makala ya 1970. Humo Fama alikubali kwamba ngazi ya tatu haisimami: kulikuwa na ushahidi kwamba wakuu wa kampuni na wafanyabiashara wenye nafasi maalumu katika ukumbi wa soko walikuwa na habari ambazo bei hazikuzijua. Hitimisho linalofaa ni sheria inayowakataza kuzitumia na inayolazimisha kampuni kutangaza hesabu zake. Bei haiwezi kubeba habari iliyofichwa.

Mahali ambapo kanuni ya Fama imegusa maisha ya watu wasiomjua ni kwenye mifuko ya uwekezaji. Mwaka 1968, Jensen alichunguza mifuko 115 ya Marekani kati ya 1945 na 1964 na kukuta kwamba, kwa wastani, haikulishinda soko hata kiasi cha kufidia gharama zake. Ikiwa hivyo, kwa nini umlipe mtu akuchagulie? Mwaka 1971, benki ya Wells Fargo iliwekeza dola milioni 6 za pensheni ya wafanyakazi wa Samsonite katika mfuko ulionunua soko zima badala ya kuchagua. Mwaka 1976, John Bogle, akichochewa zaidi na Samuelson, alifungua mfuko wa namna hiyo kwa umma na kuambulia dola milioni 11.3 tu. Mwaka 1981, David Booth na Rex Sinquefield, waliosomeshwa na Fama, walianzisha kampuni iliyojengwa juu ya utafiti wake. Mwaka 2008 Booth alikipa Chuo Kikuu cha Chicago dola milioni 300, na shule ya biashara ikachukua jina lake. Hesabu inayobeba yote haya ni nyepesi. Shilingi milioni 1 ikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka hufikia milioni 7.6 baada ya miaka 30. Ada na gharama zikikata asilimia 2, hufikia milioni 4.3. Tofauti hiyo ni uzee wa mtu.

Atakayeuliza habari za Warren Buffett anauliza swali la haki. Watu wengi wakirusha sarafu, wapo watakaopata upande mmoja mara kumi mfululizo, lakini rekodi ya Buffett ni ndefu mno kwa wengi kuiita bahati. Hata kama anastahili sifa zote, kanuni haivunjiki: uhodari wa mmoja hauthibitishi kwamba wewe utamtambua hodari wa kesho. Buffett mwenyewe anaonekana kulijua hilo. Mwaka 2008 alianza dau la miaka kumi kwamba mfuko wa fahirisi ya S&P 500 ungeishinda mifuko iliyoteuliwa na wataalamu wanaotoza ada kubwa, naye akashinda kwa mbali.

Afrika Mashariki kanuni hiyo imejaribiwa katika Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954. Mwaka 1987, utafiti wa J. M. Parkinson uliotumia bei za kila mwezi ulikataa hata ngazi ya kwanza ya ufanisi. Mwaka 1994, John Dickinson na Kinandu Muragu, wakitumia bei za kila wiki, hawakuona ushahidi wa kuipinga. Msomaji wa haraka atasema wasomi wamechanganyikiwa. Aliyemwelewa Fama atauliza kuhusu kipimo. Katika soko lenye wanunuzi wachache, hisa inaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa, na bei iliyoandikwa ni ya mauzo ya zamani. Zikipangwa bei kama hizo, zitaonekana kufuatana hata kama hakuna mtu anayeweza kupata faida kwa kufuatana huko. Ili kujua, lazima uwe na kumbukumbu za kila uuzaji, kila gawio, na kila kampuni iliyoondoka sokoni, kwa miongo. Chicago ilizitengeneza kabla ya kuwa na nadharia ya kujivunia, na bila hizo anayesema soko la Nairobi au la Dar es Salaam lina ufanisi, na anayesema halina, wote wawili wanabahatisha.